Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum Atafutiwe Shule Mapema

Kumtafutia shule mtoto mwenye mahitaji maalum katika Kwale ni kazi inayopaswa kuanza miaka kadhaa kabla ya siku ya kumwandikisha. Aghalabu huanza mtoto akiwa na miaka saba au minane, wenzake wa rika wamekwisha kumaliza chekechea na kujua kushika kalamu. Mtoto asiyesema akiwa na miaka mitatu huambiwa amechelewa tu, hata babake alichelewa. Aliyepona degedege la malaria akabaki na mguu anaouburura huombewa, hupigwa mafusho, kisha hungojewa. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi wameonyesha kwa miaka mingi kwamba malaria inayopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto kifafa, udhaifu wa viungo au ugumu wa kujifunza. Mganga naye apewe zamu yake ikiwa ndiyo imani ya nyumba, lakini zamu hiyo isimlie mtoto miaka yake ya kusoma.

Hasara ya kungoja humwangukia zaidi mtoto kiziwi. Lugha hukaa kichwani vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha, na lugha yenyewe ikiwa ni ya ishara, hali ni hiyo hiyo. Kiziwi anayefika darasani na miaka tisa bila lugha yoyote, ila vijiishara viwili vitatu vya nyumbani vya maji na chakula, huwa na kazi mbili kwa mpigo: kujifunza lugha na kujifunza masomo. Kumkalisha katika darasa la kawaida la Ukunda ambamo hakuna hata mmoja ajuaye Lugha ya Ishara ya Kenya ni kumfungia katika upweke mbele ya watu. Kwake yeye, Shule ya Viziwi ya Kwale, ambako wenzake huongea kwa mikono tangu asubuhi hadi kulala, inaweza kuwa ndiyo mahali pa kuchanganyika na watu.

Hatua ya kwanza ni tathmini. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto kielimu, vijulikanavyo kwa herufi EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Mzazi hufikishwa kwa afisa wa kituo kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Afisa huangalia kusikia, kuona, viungo, kuelewa na tabia, kisha huandika ripoti yenye pendekezo la mahali pa kusomea. Wengi huichanganya tathmini hii na tathmini ya hospitali ya serikali, ile inayotangulia kuandikishwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Zote mbili zatakiwa, na kila moja ina kazi yake: karatasi ya hospitali hueleza ulemavu wenyewe, ripoti ya EARC hueleza mtoto atasomeshwa vipi. Mzazi na atoe nakala, asilia ikae nyumbani sandukuni.

Pamoja na hizo kiwepo cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani na kufichwa nyumbani mara nyingi hana cheti, na bila cheti kumwingiza katika daftari la wanafunzi la wizara huwa taabu, na mitihani ya kitaifa baadaye huwa taabu zaidi. Mzee wa mtaa na chifu wanajua njia ya kupata cheti kilichochelewa. Waendewe mapema, si Januari.

Baada ya tathmini huja uchaguzi, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Shule huchaguliwa kwa kuutazama ulemavu, hali anayestahili kutazamwa ni mtoto. Wa kiti cha magurudumu mwenye akili timamu hahitaji shule maalum hata kidogo. Anahitaji mlango mpana wa choo, njia imara badala ya mchanga, na darasa lisilo na ngazi. Mwenye uoni hafifu huenda akatosheka na kiti cha mbele na maandishi makubwa. Asiyeona kabisa anahitaji breli, na Shule ya Wasioona ya Likoni iko upande huu wa kusini, hivyo mtu wa Diani haifuati kwa kuvuka kivuko. Mwenye mtindio wa ubongo uliokaza viungo sana anaweza kuhitaji huduma kama za shule ya Tom Mboya au ya Port Reitz kule Mombasa, na barabara ya Dongo Kundu imepunguza adha ya kufika Port Reitz. Mwenye ulemavu wa akili au usonji mara nyingi hufaa katika kitengo maalum kilichomo ndani ya shule ya kawaida iliyo karibu, akirudi nyumbani kila jioni.

Bweni lifikiriwe kwa uangalifu. Liko bweni linalomsaidia mtoto anayeishi mbali na mwalimu anayemfaa. Liko pia bweni linalotumiwa kumwondoa mtoto machoni pa majirani. Mtoto wa miaka sita asiyeweza kusema hawezi kueleza aliyempiga wala aliyemshika vibaya. Kabla ya kumwacha, mzazi aone wanapolala, ajue usiku hulala nani pamoja nao na amehakikiwa vipi, aone vyoo, aulize dawa za kifafa hutolewa na nani. Kisha awe akitembelea bila kutoa taarifa. Shule nzuri haichukizwi na mgeni wa namna hiyo.

Mwalimu mkuu akisema hakuna nafasi, au hakuna mwalimu wa mtoto wa aina hiyo, mzazi asiondoke na jibu la mdomo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kwa kadiri inayomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 34, inakataza kumbagua mtoto katika kuandikishwa kwa sababu ya ulemavu. Uchache wa walimu ni wa kweli, na mwalimu mmoja mbele ya darasa lililojaa hastahili kulaumiwa peke yake. Lakini uchache huo ni hoja ya kuiomba Tume ya Huduma za Walimu mwalimu mwingine, wala haujawahi kuwa hoja ya kumrudisha mtoto nyumbani. Sababu iandikwe, ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi ana Mahakama Maalum ya Rufaa za Elimu, iliyowekwa na sheria hiyo hiyo.

Kuna mwanya mmoja ambao mzazi hana budi kuujua. Katiba imeiachia kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Shule za msingi na elimu maalum zimebaki kwa serikali kuu. Mtoto aliyezoeleka katika chekechea ya Msambweni anaweza kufika Gredi ya Kwanza bila mtu yeyote huko kujua habari zake. Anayebeba habari hizo ni mzazi, na ndiyo sababu ya zile nakala.

Masomo ya shule ya umma hayalipiwi, lakini bweni, nepi, viatu maalum na tuktuk ya kila siku hulipiwa. Familia yenye mtoto wa ulemavu mkubwa iulize juu ya mpango wa Inua Jamii, unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na misaada ya masomo ya Baraza la Taifa.

Tathmini nayo irudiwe, maana mtoto hukua. Mtaala wa sasa una njia ya umri kwa wanaofuata masomo ya kawaida, na njia ya hatua kwa wenye ulemavu mkubwa wa akili na wengineo, inayopanda kutoka msingi hadi ufundi bila kuhesabu miaka. Anayefika hatua ya ufundi anaweza kuelekea tena kwenye mamlaka ya kaunti, kupitia vyuo vya ufundi vya vijiji. Mzazi wa kijana wa miaka kumi na minne akienda mapema kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu, akauliza nani anajua ishara, choo kikoje, na ufundi gani mikono ya mwanawe inaweza kuushika, chuo hupata muda wa kujiandaa kabla kijana hajafika.