Boda wa Navakholo hatengenezi 900, na mimi ndiye nilisema anatengeneza

Leo sina kichekesho. Nina deni la kuwalipa, na kuna mtu mmoja nina deni naye zaidi yenu.

Wale mmekuwa hapa tangu mwaka jana mnaikumbuka ile video ya steji. Nilienda na simu yangu pale steji moja hapa Navakholo jioni, nikawauliza wasee wa nduthi kumi na mmoja: leo umebaki na ngapi baada ya mafuta? Kila mtu akasema. Nikajumlisha, nikapata 9,900. Nikagawanya kwa kumi na moja, nikapata 900 kamili. Nikaandika kwa herufi kubwa za manjano: BODA NAVAKHOLO ANATENGENEZA 900 KWA SIKU. Ikaenda. Watu wa Nairobi wakaanza kuandika kwa komenti ati wanaacha kazi za ofisi warudi nyumbani.

Hesabu ilikuwa sawa, hata mwalimu wangu angeweka tiki. Na hakuna mtu pale steji aliyenidanganya. Sasa angalieni zile namba zenyewe, ambazo sikuziweka kwa video kwa sababu niliona zitaboesha: 350, 400, 400, 450, 500, 550, 600, 650, 700, 1,600, 3,700.

Mnaona hiyo 900 iko wapi? Haiko. Hakuna hata mmoja aliyepata 900. Watu tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa chini yake. Yule wa 1,600 ana dili ya kusambaza mikate madukani kila asubuhi. Yule wa 3,700 ana nduthi kadhaa alizowapa vijana, na kila jioni kila kijana anamletea 300, yeye mwenyewe ameketi. Sina ubaya naye, mse ameomoka kwa jasho lake. Lakini hizo pesa zake nilizichukua nikazigawia watu kumi ambao hawajawahi kuzishika.

Kama ningefanya kile tulifundishwa kidato cha pili, kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa halafu kuweka kidole kwa ile iko katikati, ningeshika ya sita. Watano huku, watano kule. Ya sita ni 550. Hiyo ndiyo mediani. Haihitaji kikokotoo, mtoto wa darasa la sita anaweza kuipata akiwa na kalamu. Kitu kimoja tu watu husahau ni kupanga kwanza. Ukichukua ya katikati vile tu wasee walivyokuwa wamesimama kwa foleni, umepata namba ya mtu aliyesimama katikati, basi.

Sasa, deni.

Mtoto wa senje aliiona ile video. Alikuwa amemaliza shule, anasaidia nyumbani kwa miwa, anatafuta kitu chake. Akanipigia: "Bro, hiyo 900 ni ukweli?" Nikamwambia ni ukweli, nimehesabu mwenyewe. Kuna kampuni inayotoa nduthi kwa mkopo, unaweka pesa kidogo mwanzo halafu unalipa 480 kila siku. Yeye akapiga hesabu: 900 toa 480, inabaki 420. Mtu anaweza kuishi na 420 Navakholo, akiwa kwao, bila kulipa nyumba. Senje akatoa pesa za miwa zilizokuwa zimekuja, zikawa za kuanzia.

Kwa hesabu ya katikati ingekuwa hivi: 550 toa 480, inabaki 70. Sabini ni mkate. Na bado hujabadilisha oili, hujanunua tairi, hujakula chakula cha mchana.

Nikiwa na hiyo namba siku ile, ningemwambia asubiri. Sijui kama angesikia, lakini angalau angesaini akijua anasaini nini.

Kuna mtu atauliza, kwani boda hafanyi siku zingine nzuri? Anafanya. Ndiyo maana mambo yalipoanza kuwa magumu tulikaa naye chini, nikamwambia aandike kwa daftari kila siku, wiki mbili. Siku kumi na nne zikatoka hivi, nikishazipanga: 150, 300, 350, 400, 450, 480, 500, 540, 560, 600, 650, 700, 900, 1,400. Ile 150 ni siku mvua ilianza saa nne asubuhi, na mnajua barabara za ndani huku zikinyeshewa, murram inageuka sabuni. Ile 1,400 ni siku ya soko.

Hapa namba ni kumi na nne, hakuna moja iliyo katikati, ziko mbili: ya saba na ya nane. 500 na 540. Unazijumlisha, unagawanya kwa mbili, unapata 520. Wastani wa siku zote ni 570. Tofauti ya 50 tu, unaweza kusema si kitu. Lakini angalia mkopo unavyodai. Haudai wastani, unadai 480 leo, na 480 kesho, hata kama ni ile siku ya mvua. Siku tano kati ya hizo kumi na nne hakufika 480, na siku moja alifika kamili akarudi nyumbani bila hata ya soda. Ile 1,400 ya siku ya soko haingeweza kurudi nyuma kulipia Jumanne.

Aliikimbiza miezi mitano. Kila tarehe 14 EPRA wakitangaza bei ya mafuta alikuwa ananitumia ujumbe, wakati mwingine emoji tu. Mwezi wa tano wakaichukua nduthi. Pesa za senje zilienda nayo.

Senje hajawahi kunilaumu. Amenipikia, tumekula, ameniuliza kazi yangu ya simu inaendeleaje. Ningependa angenigombeza.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua wenzangu wanaotengeneza video hawatayapenda: tuache kuwapa watu wastani wa mapato. Ukienda kuuliza wauza mitumba, wakata miwa, wasee wa salon, wanaofanya kazi za mtandaoni, wape namba ya katikati, halafu uwape na ya chini kabisa. Ya juu kabisa weka ukitaka, lakini useme ni ya mtu mmoja na anafanya nini cha ziada. Najua kwa nini hatufanyi hivyo. 550 haipati watazamaji.

Na si sisi peke yetu. Hii nchi inapenda wastani kama chai. Matokeo ya KCSE yakitoka, shule inabeba mwalimu mkuu juu juu kwa sababu ya alama ya wastani. Chukua watahiniwa watano tu: wawili wamepata A, ambayo ni pointi 12 kila mmoja, halafu D ya pointi 3, D- ya pointi 2, na E ya pointi 1. Jumla ni 30, gawanya kwa tano, 6. Hiyo ni C. Shule itaandika C kwenye bango. Mtoto wa katikati ana D. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi, lakini wazazi bado wanachagua shule kwa ile namba moja, na kuna shule mtoto dhaifu anaambiwa atafute pengine asije akaharibu wastani. Siku mtoto anafukuzwa ili namba ibaki nzuri, ile namba haisemi tena chochote juu ya watoto.

Hata ukisikia kwa habari mshahara wa wastani Kenya ni hivi na vile, jua hiyo inahesabu walioajiriwa rasmi, wale wenye karatasi ya mshahara. Zaidi ya asilimia 80 ya kazi huku kwetu, ukitoa wakulima wadogo, ni za jua kali. Boda hayuko ndani. Mama mboga hayuko. Kwa hivyo kabla hata ya kugombana kuhusu wastani au katikati, nusu ya foleni haijaitwa. Marekani shirika lao la sensa likitangaza mapato ya nyumba, namba inayobebwa mbele ni mediani, na wao wana mabilionea wa kutosha kuwafundisha kwa nini. Sisi tungejifunza kwa njia rahisi: Dangote apande matatu ya Navakholo kwenda Kakamega, abiria wote ghafla ni mabilionea kwa wastani, na bado kuna mmoja anaomba kondakta ampunguzie ishirini.

Sasa nisiwe mwongo upande wa pili. Wastani una kazi yake. Wale wasee wa steji wana chama, na siku ya kupanga mchango lazima wajue steji nzima inaingiza ngapi. Mediani haiwezi kukuambia 9,900. Na mediani nayo ina ukiziwi wake. Yule wa 350 akiumwa leo apate sufuri, ya katikati inabaki 550, haitingishiki. Mtu anaweza kuanguka kabisa pembeni na namba ya katikati isigeuke kumwangalia. Ndiyo maana nasema mpewe na ya chini. Lakini kama mtu ameshika kalamu, karibu kusaini mkopo, na anataka kujua mtu kama yeye hubaki na nini jioni, wastani si jibu la swali lake.

Watu wananiuliza mbona sijafuta ile video. Nilitaka. Halafu nikaona kuna watu bado wanaingia kuitafuta, wanaandika hapo chini "nduthi ni ngapi siku hizi?" na nikifuta wataenda kwa video ya mtu mwingine yenye 1,200. Nimeiacha, nikabadilisha kichwa, na zile namba zote kumi na moja nimeziweka pale juu kabisa.

Mtoto wa senje yuko steji sasa. Anaendesha nduthi ya yule mse wa 3,700, anampelekea 300 yake kila jioni. Wiki iliyopita nilienda nikauliza hao wawili tena, wengine nikawaacha na namba zao za zamani ili nilinganishe. Yeye alibaki na 250. Mwenye nduthi, ambaye ameongeza nyingine pia, alisema 4,350. Ziko kumi na mbili sasa, kwa hivyo katikati ni ya sita na ya saba: 500 na 550. Mediani imeshuka, ni 525.

Wastani nimeupiga mara mbili kwa sababu sikuamini. Bado ni 900.