Kakamega: Mji wa Watu au Uwanja wa Magari?

Kakamega, mji ulioko Lurambi, una ujamaa na pwani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika Mumias kwa Nabongo Mumia, na Uislamu ukashika mizizi huko hata leo. Mwaka 1920 makao ya utawala yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mwaka 1931 dhahabu ikapatikana, na mji ukapata wachimbaji na wenye maduka. Tangu 2013 ndiyo makao ya kaunti ambayo hesabu ya 2019 iliikuta na watu zaidi ya milioni 1.8.

Maduka yaongezeka na ghorofa zapanda. Sasa lipo suala la kukata: je, ajengaye maduka mapya mjini alazimishwe kutenga mahali pa kuegesha magari ya wateja wake?

Wanaosema alazimishwe wana hoja. Mtu akijenga ghorofa asiache nafasi hata moja, magari yatapanda kando ya barabara, pale pa waendao kwa miguu. Mama mwenye mtoto mgongoni atashuka barabarani kushindana na malori, maana barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Webuye yapita ndani ya mji huo huo. Hapo sheria ya mji huwa ni ile ya mwenye nguvu mpishe. Faida ni ya mwenye jengo, taabu ni ya mpita njia.

Lakini na tupige hesabu. Gari moja huhitaji mita 2.5 kwa 5, na ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, zafika mita za mraba 25 au zaidi. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465. Mwenyewe akiamriwa atenge nafasi za magari 10, zaidi ya nusu ya kiwanja imekwenda. Nani ataweza? Ni tajiri mwenye ekari zake nje ya mji. Mwenye kiwanja kidogo atauza, au atabaki na kibanda chake cha bati. Hata msikiti wenye ardhi ya wakfu, ukitaka kujenga maduka ili kodi yake iendeshe madrasa, utakwama hapo hapo. Na biashara ikihamia nje, asiye na gari atalipa nauli ya bodaboda kufuata kitu alichokuwa akikifuata kwa miguu yake.

Wenzetu wamekwisha yaona hayo. Mji wa Columbus, Marekani, uliweka sharti la namna hiyo kwa nyumba za kupanga mwaka 1923, na miji mingi ikafuata. Mwaka 2005 Profesa Donald Shoup alieleza kitabuni kwamba maegesho yanayoitwa ya bure hulipiwa na watu wote, ndani ya kodi na bei za bidhaa, hata wasiomiliki gari. London iliacha kulazimisha kima cha chini mwaka 2004, ikaweka kikomo cha juu. Buffalo ikalifuta sharti lake mwaka 2017.

Kwetu sisi jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, na waliposema hawana budi, akawaagiza waipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia maudhi. Imepokewa pia kwamba watu wakigombania upana wa njia, iachwe dhiraa saba. Maana yake, haki ya mpita njia hutengwa kwanza, ndipo mwenye kiwanja ajenge. Mji wa Lamu, wenye vichochoro vya watu na punda, umeishi kwa biashara karne nyingi bila motokaa mlangoni.

Kweli, Kakamega si Lamu, na magari hayataondoka. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imetia maegesho na mipango ya maendeleo mikononi mwa kaunti, na sheria ya mipango ya 2019 yataka idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Basi idhini na itolewe kwa sharti la kwanza: njia pana ya miguu mbele ya duka, yenye paa, maana mvua ya Kakamega si haba. Badala ya kila kiwanja kuwa na maegesho yake, wajenzi wachangie maegesho ya pamoja pembeni mwa mji. Nafasi za barabarani zilipiwe kwa saa, gari lisishinde hapo kutwa, na nyingine zitengewe walemavu, wagonjwa, wapakuaji mizigo na bodaboda.

Wako watakaouliza kama michango hiyo haitaliwa. Swali ni la haki, na dawa yake ni hesabu kutangazwa hadharani kila mwaka. Wenye maduka nao watahofia kupoteza wateja. Na wakumbuke kwamba mwenye gari hushuka mbele ya duka moja akaondoka, bali aendaye kwa miguu hupita mbele ya maduka kumi kabla hajafika kwake.