Maoni – Uvira: Verni ya nchi za joto haijafika kwetu

Msimu wa mvua ukianza, mafundi wa radio mjini Uvira hawakosi kazi. Wakaaji wanawaletea konvertiseri za sola zisizowaka, ampli zinazokwaruza, televizio zinazozimika zenyewe. Redio za jamii nazo zinaweza kunyamaza siku kadhaa juu ya emeteri, yaani mtambo wa kurushia matangazo, iliyokufa. Fundi akifungua anakuta karte ya elektroniki imeota kutu ya kijani, vumbi limeshikana na unyevu, na pembeni kuna mayai ya mende.

Sisi tunasema umeme umeiunguza. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi umeme unamaliza tu kazi ambayo unyevu ulikuwa umeianza.

Mji wetu umebanwa kati ya ziwa Tanganyika na milima ya Mitumba. Mchana konvertiseri inafanya kazi na kupata moto. Umeme ukikatika au usiku ikizimwa, inapoa, na hewa yenye unyevu inaingia na kutulia juu ya karte. Pale kuna njia nyembamba za shaba, na nafasi kati ya moja na nyingine ni ndogo kuliko punje ya mchele. Unyevu ukichanganyika na vumbi na mabaki ya dawa ya kulehemia, unakuwa daraja. Umeme ukirudi unapita pasipopaswa. Shaba inaliwa polepole, na nyuzi ndogo sana za chuma zinaweza kuota toka njia moja kuelekea nyingine. Siku zikigusana, chombo kinakufa.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Ni verni nyembamba inayopakwa juu ya karte ikishakamilika. Ile ya akriliki inakuwa na unene wa mikroni 30 hadi 130, yaani sehemu ndogo tu ya milimita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilipaka mitambo yake ya redio verni yenye dawa ya kuua ukungu, kwa sababu joto na unyevu wa visiwa vya Pasifiki viliiharibu. Wafaransa wanaiita verni ya tropikalizasio, maana yake ya kuandaa chombo kwa ajili ya nchi za tropiki. Basi jina lake linatutaja sisi, lakini fungua vyombo vingi vya bei ndogo sokoni mwetu: karte iko uchi.

Kwa maoni yangu, wa kwanza kuulizwa si fundi wa mtaani. Ni wale wanaonunua kwa wingi: mashirika yanayoleta mitambo ya sola, wasimamizi wa vituo vya afya, wakurugenzi wa redio, wafanyabiashara wanaoagiza toka Dubai na China. Chanjo nyingi zinapaswa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji ikizimika usiku juu ya karte iliyooza, mama aliyetembea na mtoto toka mlimani anarudi mikono mitupu. Wakati huo mradi umeshafungwa na waliouleta wamekwenda.

Kwenye karatasi ya kuagiza iongezwe sentensi moja: karte ziwe zimepakwa verni ya kuzuia unyevu. Chombo kikifika, kikaguliwe. Verni nyingi zimetiwa rangi inayong'aa chini ya taa ya zambarau, ile ile inayotumika kukagua noti za dola. Isipong'aa, muuzaji aombwe uthibitisho.

Mafundi nao wana sehemu yao. Ukishatengeneza karte, usiirudishe uchi. Hakikisha kondansateri hazina umeme, safisha kwa alkoholi ya isopropili na burashi laini, kisha uiache ikauke kabisa. Kupaka verni juu ya uchafu ni kama kufunga kidonda chenye usaha: ubaya unabaki ndani. Funika kwa skochi viunganishi, swichi, vitufe vya kurekebishia, sensa na rele zilizo wazi, kisha paka tabaka mbili nyembamba. Fanya kazi hiyo penye hewa, mbali na moto.

Njia za mkato zina hasara. Rangi ya kucha haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na joto linaweza kuipasua. Silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki ni mbaya zaidi, kwa sababu asidi inayotoa wakati wa kukauka inakula shaba ile ile unayotaka kuilinda.

Najua watakaopinga. Watasema verni inasumbua wakati wa kutengeneza. Ya silikoni ni ngumu kutoa, ni kweli. Lakini ya akriliki inayeyuka kwa dawa yake, fundi anabadilisha kipande na kupaka tena. Watasema ni gharama. Kopo moja linapaka karte nyingi, wakati karte moja mpya inasubiriwa wiki na miezi, kama inapatikana.

Verni haina uwezo wote. Haizuii umeme unaopanda ghafla, na haiwezi kuokoa mtambo uliozama kama ilivyotokea kwa nyumba nyingi katika mafuriko ya Aprili 2020. Lakini tukumbuke siku zile: mtu aliyekuwa upande wa pili wa Mulongwe alitegemea redio kujua maji yamefika wapi. Redio ya namna hiyo haipaswi kunyamaza juu ya unyevu wa kila siku.

Kwa hiyo, wewe unayesimamia redio, kituo cha afya au shule yenye sola: kabla mvua haijarudi, mwite fundi afungue mtambo angali mzima. Asafishe, akaushe, apake. Na siku ya kununua mwingine, uliza kuhusu verni kabla ya kuuliza bei.