Unafuu wa nyumba haujafika kwenye mfuko wa saruji

UPEPO WA KISHAPU
Na Masanja Ng'wandu

Bajeti ya 2023/24 ilibeba mambo mawili ambayo hayakupata kuzungumzwa pamoja. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa nyumba mpya ya makazi inayouzwa na mwendelezaji miliki, ilimradi isizidi shilingi milioni 50. Bajeti hiyo hiyo ikaweka ushuru wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50.

Nani hapa Maganzo, Kishapu, ananunua nyumba kwa mwendelezaji miliki? Huku tunajenga, tena kwa vipande. Anayechekecha almasi akiokota jiwe la kuuzika, anashusha tripu ya mchanga na mifuko kadhaa ya saruji kabla hela haijayeyuka. Mwenye pamba anasubiri msimu. Msingi mwaka huu, kuta mwakani, lenta Mungu akijalia, kisha boma linasimama bila bati mpaka mbuzi walizoee.

Kodi ya asilimia 18 kwenye nyumba ya milioni 50 ni milioni 9. Zote hazimfikii mnunuzi, maana mwendelezaji asiyetoza kodi harudishiwi ile aliyolipia vifaa, naye ataipenyeza kwenye bei. Hata hivyo, kuna kinachobaki. Mjenzi wetu anayemaliza mifuko 300 ameongezewa 300,000, na bado saruji, nondo na bati vina asilimia 18 yake.

Mkopo wa benki? Benki inataka hati na mshahara wa kila mwezi. Tuliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa 1972; ikafa 1995, imelemewa na madeni yasiyolipika. Sioni wa kuifufua.

Lakini linaloniumiza zaidi liko chini ya ardhi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba mvua zikinyesha, kiangazi ukanywea na kupasuka, na kuta zinaufuata. Utaona nyumba imepigwa ripu safi, bati la rangi, na ufa wa kupitisha kiganja. Aliyebana kwenye msingi si mjinga. Huko ndiko saruji na nondo zinakozikwa, na hakuna mgeni aliyewahi kusifia msingi wa mtu.

Serikali itasema ushuru wa saruji unalipia miradi mikubwa. Sawa. Basi mwenye kiwanja kilichopimwa na kibali cha ujenzi, anayejenga nyumba yake ya kwanza, apeleke risiti za EFD arudishiwe ushuru wa saruji ya msingi tu. Serikali yenyewe itavuna hapo: watu watafuata vibali bila kukimbizwa, na maduka ya vifaa yatadaiwa risiti na wateja badala ya TRA.

La pili halihitaji Dodoma. Halmashauri ya Kishapu itoe bure, pamoja na kibali, ramani ya vyumba vitatu iliyochorwa na mhandisi wake kwa ajili ya udongo huu, kina cha msingi kikiwa kimeandikwa. Mafundi wetu wanajua kazi. Kila siku wanabishana na mwenye nyumba kuhusu kina hicho, na mwenye nyumba anashinda kwa kuwa ndiye anayelipa.