Taka za hospitali: tusimlaumu mwokotaji

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Methali hii hutamkwa kwa wepesi mno kila mwokotaji taka anapodungwa na sindano iliyotumika. "Nani aliyemtuma jaani?" walimwengu huuliza. Lakini, je, mwiba huo ni wake? Sindano haioti jaani kama magugu. Ilitoka mkononi mwa mhudumu wa afya, ikapita lango la hospitali, kisha ikabebwa kwa lori. Katika kila hatua ya safari hiyo palikuwa na mtu aliyepaswa kuizuia, naye hakufanya hivyo.

Tutazame jaa la Dandora, mashariki mwa Nairobi. Jaa hilo lilianza kutumika katika miaka ya 1970, na mnamo 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo, malori hayakukoma kumwaga taka. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2007 ilitaja taka za hospitali miongoni mwa vitu vya hatari vilivyorundikwa pale, mahali ambapo watoto nao hutafuta riziki.

Hatari yenyewe si ya kubahatisha. Shirika la Afya Duniani (WHO) laeleza kwamba mtu anayedungwa na sindano iliyotumiwa kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B ana uwezekano wa asilimia 30 wa kuambukizwa. Kwa virusi vya Ukimwi, uwezekano huo ni asilimia 0.3. Aidha, virusi vya homa hiyo ya ini vyaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, muda unaotosha kabisa sindano kusafiri kutoka wodini hadi jaani.

Ajabu ni kwamba tatizo hili si kubwa kama linavyodhaniwa. Kwa mujibu wa shirika hilo hilo, takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya ni za kawaida: karatasi, maboksi na mabaki ya chakula. Ni asilimia 15 tu zilizo hatari. Lakini bandeji moja yenye damu ikitupwa katika pipa la karatasi, pipa zima huwa hatari. Kwa hivyo, kazi kubwa hufanyika kando ya kitanda cha mgonjwa, kwa kutenganisha: pipa jeusi kwa taka za kawaida, la manjano kwa zenye kuambukiza, jekundu kwa zile za hatari zaidi, na sanduku gumu kwa sindano, ambalo hufungwa likifika robo tatu.

Wala hatukukosa sheria. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na kanuni za taka zinazoamuru kituo cha afya kitenganishe taka pale zinapozalishwa. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba haki hiyo hukoma ukingoni mwa jaa.

Kuna watakaodai kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba tanuri la kisasa ni ghali, na zahanati ndogo haiwezi kulimudu. Lakini kuchoma mabomba ya sindano shimoni kwa moto hafifu si suluhisho. Plastiki yenye klorini ikiungua hivyo hutoa dioksini, sumu ambayo Kenya iliahidi kuipunguza ilipoidhinisha Mkataba wa Stockholm mwaka 2004. Upo mtambo wa mvuke wenye shinikizo, unaoua viini kwa joto la nyuzi 121 pasipo moshi huo. Maadamu huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, kila kaunti yafaa iwe na mtambo wa pamoja, na zahanati zote, za umma na za kibinafsi, zichangie gharama zake. Kliniki isiyoweza kuonyesha taka zake zilikopelekwa isipewe leseni upya.

Walimu na wanafunzi nao wana sehemu yao. Shuleni na nyumbani wamo watu wanaojidunga insulini kila siku. Sindano zao zisitupwe katika pipa la darasani wala chooni. Zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko na kurudishwa kituo cha afya. Mwanafunzi aonaye sindano njiani asiiguse, bali amwite mtu mzima. Na yule anayetamani kuwa muuguzi au daktari ajue mapema kwamba tiba haimaliziki dawa inapoingia mwilini. Humalizika sindano inapofika pasipoweza kumdhuru mtu.

Basi tusiharakishe kumtupia methali mwokotaji. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu wa jaani hakujidunga. Tulimpandia sisi, na kuung'oa ni juu yetu.