Kundi la Masomo Si Ubao wa Matangazo

Mnamo Machi 2020, serikali ilipofunga shule na vyuo kwa sababu ya maradhi ya Korona, wahadhiri wengi wa nchi hii walijikuta wakifundisha kwa mtandao pasipo maandalizi. Vyuo kadhaa vilikuwa na tovuti za masomo, lakini wanafunzi wengi walikimbilia palipokuwa pepesi zaidi, yaani katika makundi ya WhatsApp. Janga lilipita, makundi yakabaki. Linalostahili kujadiliwa sasa ni namna yanavyotumiwa.

Aghalabu kundi la somo limegeuzwa ubao wa matangazo. Mhadhiri hutuma makala na tarehe ya mtihani, kisha hunyamaza hadi juma lifuatalo. Mwanafunzi akiuliza, hujibiwa na mwenzake asiyejua zaidi yake, au hajibiwi kabisa. Huko si kufundisha.

Fikiria, msomaji, mwalimu wa shule ya msingi huko Marafa anayesomea shahada usiku bila kuacha kazi yake. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023 ili kifundishe kwa mtandao, ni mlango uliofunguliwa kwa watu kama yeye. Mwanafunzi aliye katika Chuo Kikuu cha Pwani mjini Kilifi akikwama, anaweza kumfuata mhadhiri ofisini au kuketi na wenzake baada ya kipindi. Huyu wa Marafa hana fursa hiyo. Kundi likinyamaza, amebaki peke yake.

Sisi watu wa pwani tuna mfano mwema wa kufuata. Barazani, Malindi au kwingineko, neno hutolewa, likapingwa, likatetewa, hata mwenye ujuzi akalikata. Mhadhiri naye atoe swali moja kila juma. Wanafunzi walijibu kwa maandishi. Wawili wateuliwe kuufupisha mjadala. Kisha yeye asahihishe. Ujumbe wa maandishi hutumia data kidogo mno ukilinganishwa na video, tena humngoja mwenye simu hata mawimbi yarejee.

Wapo wanaoshikilia kwamba mitandao ya kijamii ni ya porojo tu. Porojo hustawi mahali pasipo msimamizi, hata katika ukumbi wa mihadhara. Hata hivyo, mipaka yahitajika. Alama za mitihani na mambo ya siri ya mwanafunzi yasipelekwe kundini, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatambua haki ya mtu juu ya habari zake. Aidha, muhtasari wa kila mjadala uwekwe katika tovuti ya chuo, ili asiye na simu ya kisasa naye aupate atakapofikia kompyuta.

Zaidi ya yote, wakuu wa vyuo wazihesabu saa hizo kuwa kazi. Chuo kinachomtaka mhadhiri asimamie mjadala usiku, huku kikimhesabia vipindi vya ukumbini peke yake, kinatamani mavuno ya shamba kisilolilima. Mhadhiri naye akishalipwa haki yake, hatakuwa na udhuru wa kutuma makala na kutoweka. Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mwalimu asiyekuwepo kundini, somo lake nalo halipo.