Mkono wa Arsenius

Bila shaka umesikia habari za Athanasius, askofu wa Alexandria katika Misri. Mwaka 325 alikuwa shemasi tu alipofuatana na askofu wake kwenye Mtaguso wa Nikea, ambako maaskofu walikataa mafundisho ya Arius, aliyesema kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe. Miaka mitatu baadaye akawa askofu mwenyewe, na adui zake hawakulala.

Mwaka 335 aliitwa mbele ya baraza la maaskofu mjini Tiro. Alishtakiwa kwamba amemwua askofu mmoja, jina lake Arsenius, na kumkata mkono apate kuutumia kwa uchawi. Socrates, mwandishi wa historia ya Kanisa wa karne ya 5, asimulia kwamba washtaki walileta hata mkono wenyewe.

Athanasius akauliza ni nani amjuaye Arsenius. Wengi wakasema wanamjua. Basi akaletwa mtu aliyefunikwa vazi. Kumbe, ni Arsenius mwenyewe, mzima! Alikuwa amefichwa, naye akagunduliwa. Athanasius akainua upande mmoja wa vazi, mkono ukaonekana. Akangoja kidogo, akainua upande wa pili. Kisha akawaambia washtaki waonyeshe ulipokatwa mkono wa tatu.

Wadhani waliridhika? La. Baraza lile lile likamvua uaskofu kwa mashtaka mengine. Kisha akasingiziwa kwa Kaisari Constantine kwamba ataka kuzuia nafaka ya Misri isifike Constantinople, akahamishwa mpaka Trier, mbali kaskazini. Maishani mwake alifukuzwa mara 5, jumla ya miaka kama 17. Lakini alikufa mwaka 373 mjini mwake, akiwa askofu. Na mwaka 381 imani ya Nikea ikathibitishwa tena huko Constantinople.

Tazama, ndugu. Walioketi Tiro hawakuwa wapagani, walikuwa wachungaji. Waliona mikono miwili, wakaendelea kuhukumu, maana walikuwa wamekwisha kata shauri kabla ya kikao. Hayo hutokea hata katika baraza la ukoo, hata nyumbani. Mtoto asingiziwa wizi, fedha zaonekana. Nasi badala ya kumwomba radhi, twamtafutia kosa jingine.

Siku utakapoketi kumhukumu mwenzio, jiulize kwanza: akiletwa Arsenius mzima, je, nitamwacha huyu aende zake? Kama sivyo, usikikalie kiti hicho.